Tiba ya mwanga na utaratibu wa kutunza ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayeniuliza kuhusu taa za ngozi huanza hivi: "Ninunue ipi?" Nami humrudishia maswali matatu. Asubuhi ukiamka unanawia nini? Ukishanawa unapaka nini? Jua likikukuta njiani linakukuta na kinga gani? Majibu yake ndiyo yanayoamua kama taa itamsaidia au itaishia kabatini. Hapa nimeyakusanya maswali ninayoyapata zaidi, kuanzia ya taa yenyewe mpaka ya sabuni.

Tiba ya mwanga ni nini hasa?

Ni kuimulika ngozi kwa mwanga wa rangi maalumu, kwa nguvu na muda uliopimwa, ili seli zake zifanye kazi fulani. Shika neno hilo "uliopimwa". Taa ya sebuleni nayo hukumulika kila usiku, lakini hakuna anayepima imekupa kiasi gani.

Jambo hili halikuanza jana. Daktari Niels Finsen, aliyefanya kazi Copenhagen, alikusanya mwanga mkali kwa lenzi akautumia kutibu kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo. Na huenda wewe mwenyewe umeshaiona tiba ya mwanga bila kuijua kwa jina: mtoto mchanga mwenye manjano amelazwa wodini chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa. Mwanga ule huibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi yake ikawa katika umbo ambalo mwili unaweza kulitoa. Kwa hiyo mwanga kuathiri mwili ni jambo la kweli kabisa. Linalobaki kuuliza ni mwanga gani, kiasi gani, kwa tatizo gani.

Vifaa vya uso vinavyouzwa siku hizi vingi hutumia taa ndogo za LED, na rangi zake hutajwa kwa nanometa, kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga. Bluu inayotumika kwa chunusi ni ya karibu nanometa 415. Nyekundu ni ya kati ya 630 na 660. Kisha kuna infraredi ya karibu, kwenye 810 hadi 850, ambayo jicho haliioni kabisa. Usishangae ukiona baadhi ya taa kwenye kifaa hazionekani kuwaka. Huenda ni hizo.

Si bora nikae tu juani? Nalo si mwanga?

Jua lina rangi hizo zote, lakini haliji nazo peke yake. Linakuja na miale ya urujuanimno, ile inayounguza, inayozeesha ngozi mapema, inayokoleza madoa na kuharibu DNA ya seli. Taa za LED za uso zimeundwa zisitoe miale hiyo. Vitanda vya taa vya kubadilisha rangi ya ngozi ni habari nyingine: hivyo hutoa urujuanimno, na tangu mwaka 2009 vimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Visichanganywe na tunachozungumza hapa.

Mwanga mwekundu unafanya nini kwenye ngozi?

Unazama milimita chache, ukafika kwenye tabaka ambako kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, hutengenezwa. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba mwanga huo hufyonzwa na kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, kiitwacho saitokromu c oksidesi. Seli hupata nishati zaidi, uvimbe hupungua, na kazi ya ukarabati huenda kwa kasi kidogo.

Kwa macho, maana yake ni mikunjo midogo kulainika, wekundu na uvimbe wa chunusi kutulia, na kidonda kidogo kufunga vizuri zaidi. Nasema "kulainika" kwa makusudi. Mkunjo mzito hauondoki kwa taa, ngozi iliyolegea hairudi mahali pake, na picha za kabla na baada zinazoonyesha hivyo mara nyingi zimepigwa katika mwanga tofauti.

Kisa kimoja nakipenda sana. Mwaka 1967, daktari Endre Mester wa Budapest aliwanyoa panya manyoya akawamulika kwa leza hafifu, akitaka kujua kama leza hiyo ingewaletea saratani. Saratani haikuja. Kilichomshangaza ni manyoya kuota upesi zaidi kwa panya waliomulikwa. Vitana na kofia za leza wanazotumia leo watu wenye nywele zinazopungua vinatokana na mshangao ule.

Na mwanga wa bluu?

Bluu hauzami sana, huishia chini ya milimita moja, na kazi yake kubwa ni chunusi. Bakteria wanaohusika na chunusi hutengeneza kemikali ziitwazo pofirini. Mwanga wa bluu ukizipiga, pofirini hizo huzalisha aina ya oksijeni yenye sumu kwa bakteria wenyewe, wakafa.

Sasa mipaka yake. Vichwa vyeusi na vile vyeupe vidogo vinatokana na vinyweleo vilivyoziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bluu haizibui. Majipu makubwa yenye maumivu yako chini mno, haifiki. Chunusi za homoni, zinazorudi kwenye kidevu na taya kila mwezi, chanzo chake hakiguswi na taa. Tena ukiacha kumulika, bakteria hurudi. Ndiyo maana kwa chunusi za wastani, zile nyekundu zenye usaha kidogo, bluu pamoja na nyekundu husaidia, ila mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi kukiwa na dawa ya kupaka pembeni.

Barakoa yangu ya taa ina rangi saba. Kila rangi ni ya nini?

Tumia nyekundu, infraredi kama ipo, na bluu kwa uangalifu. Kijani, njano, zambarau na nyinginezo hazina ushahidi wa kutosha kwa matumizi ya nyumbani. Zimeongezwa kwa sababu kuongeza rangi ni rahisi na orodha ndefu inauza.

Nina ngozi nyeusi. Hizi taa hazitaniletea madoa?

Swali hili ningependa liwe la kwanza kwenye kila kijitabu cha maelekezo, na mara nyingi halimo kabisa.

Melanini ndiyo inayotupa rangi, nayo hufyonza mwanga. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kinachokoleza rangi ya ngozi ni urujuanimno tu. Leo inajulikana kwamba hata mwanga unaoonekana kwa macho, hasa upande wa bluu na zambarau, unaweza kuikoleza ngozi yenye melanini nyingi, na weusi huo hudumu kwa muda mrefu. Kwenye ngozi nyeupe sana athari hii karibu haionekani. Kwenye ngozi zetu inaonekana.

Kwa hiyo ushauri wangu uko hivi. Kama una melasma, yaani yale mabaka ya kahawia ya mashavuni na kwenye paji la uso ambayo mara nyingi huja na ujauzito au dawa za uzazi wa mpango, achana na bluu kabisa. Kama kila chunusi inayopona inakuachia doa jeusi, bluu isiwe chaguo lako la kwanza; zipo dawa za kupaka zinazotibu chunusi bila hatari hiyo. Mwanga mwekundu ni salama zaidi kwetu, lakini nao uuanze taratibu, kwa sababu katika majaribio ya usalama watu wenye ngozi yenye rangi walivumilia kipimo kidogo kuliko wenye ngozi nyeupe. Anza na nusu ya muda ulioandikwa, kwa wiki mbili.

Halafu kuna joto. Baadhi ya vifaa hupata moto vikikaa usoni, na joto nalo huchochea melasma. Kifaa kikikufanya utoke jasho, kiondoe.

Jaribio rahisi kabla hujaumulika uso mzima: mulika sehemu ndogo pembeni ya taya, chini ya sikio, mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili. Kama rangi ya pale imebadilika kuliko upande wa pili, umepata jibu lako kwa gharama ndogo.

Kifaa cha nyumbani kinatofautiana vipi na cha kliniki?

Kwa nguvu, na kwa mtu anayekisimamia. Kuna hesabu ndogo itakayokusaidia kusoma lebo yoyote. Nguvu ya taa hupimwa kwa miliwati kwa kila sentimita mraba. Ukizidisha kwa sekunde ulizokaa unapata kipimo, kinachoandikwa kwa jouli. Mfano: taa ya miliwati 30, kwa dakika 10 ambazo ni sekunde 600, ni 30 mara 600, sawa na milijouli 18,000, yaani jouli 18 kwa kila sentimita mraba. Taa ya miliwati 5 ingehitaji saa nzima kufika hapo.

Muuzaji asiyeweza kukuambia nanometa wala miliwati anakuuzia taa ya urembo wa chumba. Angalia pia nguvu hiyo imepimwa kwa umbali gani, kwa kuwa paneli inayowekwa mezani hudhoofika kadiri unavyosogea mbali nayo. Mtu anayesoma kitabu mita moja kutoka kwenye paneli iliyokusudiwa kukaa sentimita 15 anapoteza muda wake.

Nikiongeza muda, matokeo yatakuja haraka?

Hapana, na hapa wengi hukosea kwa nia njema. Seli huitikia mwanga kwa namna ya mlima: kipimo kidogo mno hakifanyi kitu, cha kati kinasaidia, kikizidi faida inashuka tena na inaweza kugeuka madhara. Dakika 10 hadi 20, mara 3 hadi 5 kwa wiki, ndiyo desturi ya vifaa vingi vya nyumbani. Fuata cha kifaa chako.

Kwa chunusi, jipe wiki 4 hadi 12. Kwa mikunjo midogo, wiki 8 hadi 12 kabla hujahukumu. Piga picha siku ya kwanza, dirisha lile lile, saa ile ile, bila kichujio, kisha urudie kila baada ya wiki nne. Kumbukumbu ya kioo hudanganya kwa pande zote mbili.

Macho yangu yatakuwa salama nikiyafumba?

Kope ni ngozi nyembamba kuliko zote mwilini, mwanga mwekundu hupita. Vaa kinga ya macho iliyokuja na kifaa, na kama kifaa hakikuja nayo, nunua. Mwaka 2019 barakoa moja iliyokuwa ikiuzwa sana iliondolewa sokoni na watengenezaji wake wenyewe kwa hofu ya madhara ya macho kwa watu wenye magonjwa fulani ya jicho na wanaotumia dawa zinazoongeza usikivu kwa mwanga. Mwenye ugonjwa wa retina, yaani ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea mwanga, asitumie bila ruhusa ya daktari wake wa macho.

Nani hasa asitumie taa hizi?

Mwenye lupasi, pofiria, au ugonjwa wowote unaochochewa na mwanga. Mwenye saratani ya ngozi au doa ambalo bado halijachunguzwa. Mwenye kifafa, ikiwa kifaa kinawaka na kuzima kwa mapigo. Wenye kipandauso nao wengi husema mwanga mkali huwaanzishia maumivu.

Kundi kubwa zaidi, ambalo mara nyingi halijijui, ni wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi iitikie mwanga kupita kiasi. Doksisaiklini, inayotolewa kwa chunusi na kwa kinga ya malaria, ni mojawapo. Zipo pia isotretinoini, siprofloksasini, amiodaroni ya moyo, na haidroklorothiazidi ya shinikizo la damu. Nyingi kati ya hizi shida yake kubwa ni urujuanimno wa jua, lakini usijipimie mwenyewe. Peleka orodha ya dawa zako kwa mfamasia, umwambie unataka kutumia taa ya rangi gani, umsikilize.

Inatibu soriasisi, ukurutu au vitiligo?

Tiba ya mwanga ya magonjwa hayo ipo na inasaidia watu wengi, lakini ni nyingine kabisa. Hospitali hutumia urujuanimno wa wigo mwembamba, karibu nanometa 311, kwa dozi inayopandishwa kidogo kidogo, kawaida mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi. Barakoa yako haitoi miale hiyo, nayo isingefaa kutolewa bila usimamizi.

Kama fedha zangu zinatosha kitu kimoja, ninunue taa au vipodozi?

Nunua sabuni laini ya uso, mafuta au krimu ya kulainisha, na kinga ya jua. Taa isubiri.

Sababu iko kwenye ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu kabisa limejengwa kama ukuta wa matofali: seli zilizokauka ndizo matofali, na kati yake kuna udongo wa mafuta, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta ukiwa mzima, maji hubaki ndani na vichokozi hubaki nje. Ukiwa na nyufa, kila kitu kinawasha, hata maji. Mwanga hausimamishi ukuta uliobomoka kwa dodoki na sabuni kali kila asubuhi. Nimeona watu wakiwa na barakoa nzuri kabisa usiku, na mchana wanatembea juani bila chochote usoni. Kinachojengwa kwa dakika 10 kinabomolewa kwa saa sita.

Utaratibu wa kuanzia ni mfupi. Asubuhi: nawa, lainisha, paka kinga ya jua. Usiku: nawa, weka dawa moja ya tatizo lako kama unalo, lainisha. Kaa hapo wiki sita. Ngozi ya kijana hujibadilisha kwa takriban siku 28, na muda huo huongezeka kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo kubadilisha krimu kila wiki ni kuhukumu kesi kabla ya shahidi kufika.

Sabuni ya kipande ina ubaya gani? Nimeitumia tangu utotoni.

Ngozi ina asidi kidogo, pH yake ni karibu 5. Sabuni ya kipande ya kawaida iko kwenye 9 au 10. Kuna ngozi zinazovumilia, hasa zenye mafuta mengi, lakini kama ukinawa uso unavuta na kukaza, ile hali wengi wanayoiita "usafi", hiyo ni dalili kwamba mafuta ya ukuta yametoka. Mara mbili kwa siku inatosha, na asubuhi wenye ngozi kavu wanaweza kunawa kwa maji tu. Dodoki na jiwe la kusugulia viishie miguuni.

Kinga ya jua ni ya lazima hata kwa mtu mweusi?

Ndiyo. Melanini inatupunguzia sana hatari ya kuungua na ya saratani nyingi za ngozi, hilo ni kweli na tulishukuru. Lakini haituzuii kupata madoa, na kwa wengi wetu madoa ndiyo kilio kikuu. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye melanini hana au anayo kidogo mno, kinga ya jua pamoja na kofia pana na mikono mirefu ni suala la uhai.

Namba zenyewe, zile za kiwango cha kinga (SPF) zilizoandikwa kwenye kopo: SPF 15 huzuia karibu asilimia 93 ya miale inayounguza, SPF 30 karibu 97, SPF 50 karibu 98. Kwa hiyo tofauti kubwa haiko kati ya 30 na 50, iko kwenye kiasi unachopaka. Mistari miwili ya krimu kwenye urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka tone moja, ile namba ya kwenye kopo haikuhusu. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, na mara tu baada ya kuogelea au kujifuta jasho. Kioo cha dirisha la gari huzuia sehemu kubwa ya miale inayounguza, ila ile inayozeesha hupita.

Kwa wenye madoa na melasma kuna nyongeza muhimu. Kinga ya kawaida isiyo na rangi haizuii vizuri mwanga unaoonekana, ule ule wa bluu tuliouzungumzia. Inayozuia ni kinga yenye rangi ya ngozi, kwa sababu rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma. Pia haiachi ule weupe wa majivu ambao umewafanya wengi waikimbie kinga ya jua.

Taa iingie wapi kati ya kunawa na kupaka?

Baada ya kunawa na kujikausha, kabla ya kupaka chochote. Kinga ya jua, hasa yenye madini, na vipodozi vya rangi huzuia mwanga kufika. Ukimaliza kumulika, endelea na seramu (kile kimiminika chepesi chenye dawa) na krimu kama kawaida. Wengi huona usiku ni rahisi zaidi.

Retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A kama tretinoini, adapalini na ndugu zao, zipake baada ya taa, na mwanzoni zitumie katika siku ambazo humuliki, ili ngozi ikiwasha ujue nani amekuchokoza. Asidi za kuchubua seli zilizokufa, kama glikoliki na salisili, vivyo hivyo. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi sawa na ya asilimia 10 kwa wengi, na muwasho wake ni mdogo. Lakini hung'oa rangi ya mashuka na taulo, kwa hiyo tumia nyeupe.

Kuhusu kiasi cha retinoidi: punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki, kisha uongeze. Anayepaka nyingi hapati haraka, anapata kubabuka.

Nina seramu sita na uso unawaka. Ipi mbaya?

Pengine hakuna mbaya. Ni umati. Dalili za ukuta uliobomoka ni hizi: krimu uliyoizoea inachoma, ngozi inang'aa kama plastiki lakini ni kavu ukiigusa, vipele vidogo vinatokea mahali ambapo hujawahi kuwa navyo. Acha vyote. Kwa wiki mbili hadi nne nawa kwa kisafishio laini, paka krimu isiyo na manukato, usiku funika na tabaka jembamba la mafuta ya mgando pale palipokauka (kama una chunusi nyingi, yaweke kwenye mabaka makavu tu), na asubuhi kinga ya jua. Taa nayo ipumzike. Uso ukitulia, rudisha kitu kimoja kila baada ya wiki mbili. Wengi wakifika cha pili hugundua kwamba vile vinne vilivyobaki hawavihitaji.

Chunusi zimeisha, madoa yamebaki. Taa itayafuta?

Mwanga mwekundu unaweza kutuliza uvimbe, na uvimbe mdogo maana yake madoa mapya machache. Yaliyopo hautayafuta.

Doa la chunusi ni melanini iliyomwagwa wakati ngozi ilipovimba. Likiwa juu juu, hufifia kwa miezi michache. Likizama, huchukua mwaka au zaidi. Vinavyosaidia kulipunguza ni asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, niasinamaidi, vitamini C, retinoidi, na kinga ya jua kila siku bila kuruka. Bila hiyo ya mwisho, nyingine zote unazimwaga mchangani. Usibonyeze chunusi, kila mbonyezo ni doa la miezi sita unalojinunulia.

Najua pia kwamba kusubiri huko ndiko kunakowapeleka watu kwenye krimu za kujichubua, na siwalaumu, kwa sababu wiki ya kwanza zinaonekana kufanya maajabu. Ndani yake mara nyingi mna moja ya vitu vitatu. Zebaki, inayoingia mwilini na kuumiza figo, ambayo Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unazitaka nchi wanachama kuiondoa kwenye vipodozi. Dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli, zinazoifanya ngozi iwe nyembamba, ionyeshe mishipa, na ilipuke vipele siku unapoacha. Au haidrokwinoni bila kipimo wala usimamizi, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi yaliyo magumu mno kutibu kuliko yale uliyoanza nayo. Kama tayari unatumia krimu kali ya steroidi, usiikate ghafla peke yako. Daktari atakupangia namna ya kushuka.

Ni mjamzito. Niendelee?

Retinoidi zote ziache, za kupaka na hasa za kumeza. Asidi ya azelaiki na benzoili peroksaidi huruhusiwa kwa kawaida. Kuhusu taa, muulize anayekuhudumia kliniki. Na kwa sababu ujauzito huleta melasma kwa urahisi, mimi ningeiweka kando bluu hadi baadaye.

Vipele vya ndevu je?

Vinatokana na nywele za kujikunja zinazorudi kuchoma ngozi baada ya kunyolewa karibu mno. Taa nyekundu inaweza kupunguza wekundu, lakini chanzo ni wembe. Acha milimita moja ya ndevu kwa mashine, au pumzika kunyoa kwa wiki nne uone.

Nisafishe vipi kifaa?

Kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo, kila baada ya matumizi, kikiwa kimezimwa. Usikiazimishe mtu mwenye majipu au vidonda usoni.

Ni lini niache kujitibu niende kwa daktari wa ngozi?

Chunusi zinazoacha makovu yenye mashimo au uvimbe mgumu, usisubiri wiki 12 za taa. Kila mwezi unaopita ni makovu zaidi. Chunusi za ghafla kwa mwanamke pamoja na ndevu au hedhi iliyovurugika zinahitaji vipimo vya homoni. Vipele vya mashavuni vinavyokuja na maumivu ya viungo na uchovu navyo ni vya daktari.

Na doa lolote linalokua, linalobadilika rangi, linalotoka damu au lisilopona. Watu weusi huambiwa kwamba saratani ya ngozi si yao, kwa hiyo hawaangalii mahali ambapo kwetu hupenda kujificha: nyayo, viganja, na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa mguu. Mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, hasa unaopanuka au kuingia kwenye ngozi ya pembeni, uonyeshe wiki hiyo hiyo.

Siku ya kwenda, nenda bila vipodozi usoni, beba picha zako za kila wiki nne, na uweke makopo yote unayotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na lile lisilo na lebo ambalo unaona haya kulionyesha. Daktari atataka kuliona hilo kwanza.